Usiweke hata tofali moja kwenye kiwanja cha mzee bila karatasi

Mkuu, mpigie fundi sasa hivi, mwambie asichimbe msingi. Ukimaliza ndiyo urudi kusoma.

Nimelisoma andiko lako mara mbili. Mmefunga ndoa Septemba, mmepanga chumba na sebule Kihesa, hapo Iringa, kwa laki moja kwa mwezi, na mzee wako amekukatia kona ya kiwanja chake kule Ipogolo ujenge vyumba viwili "muachane na kodi". Ukauliza pia kuhusu sofa za mkopo, nani ashike hela ya ndani, na jinsi ya kumwambia shemeji aliyekuja kwa wiki mbili tangu Oktoba kwamba wiki mbili zimeisha. Hayo tutayagusa. Hilo la kona ya kiwanja nina digrii yake, na ada nililipa mwenyewe.

Mimi ni wa Mbeya, nilioa Novemba 2014. Mke wangu ni Mhehe wa Kilolo, mwalimu. Tulianza kwa kupanga Ilomba, tukiwa na godoro, jiko la gesi, ndoo nne na seti saba za glasi za zawadi. Seti saba! Beseni hakuleta mtu. Lakini tulikuwa tunaishi, tunacheka, kodi inalipika. Ndipo akaja baba mdogo. "Mwanaume hapangi wakati kwao kuna nafasi. Hiyo kodi unayompa mtu ni tofali hizo." Hesabu yake ilinoga sana kuisikiliza.

Baba mwenyewe alifurahi. Akatutoa nje pale Uyole, akapima kwa hatua nyuma ya migomba huku ameshika fimbo: "Kuanzia hapa mpaka kwenye ule mparachichi, pako." Nikauliza, tena kwa sauti ya chini, kama tungeandikishana. Baba mdogo akanitolea macho. "Karatasi ya nini kati ya mtu na baba yake? Unataka kumzika mzee akiwa hai?" Nikanywea. Nikamuomba na msamaha juu.

Mke wangu akakopa milioni 4 kwenye saccos ya kazini, makato ya miezi 48 kuanzia Machi 2015. Mimi nikauza pikipiki. Tofali za kuchoma 6,500, bati 38 za geji 30, saruji mifuko 60, mbao, milango, nyaya za umeme, fundi. Milioni 9 na laki 4. Daftari lake ninalo mpaka leo, mke wangu analiita Agano la Kale.

Agosti tukahamia. Kabla sijafika kwenye kilio chenyewe, nikwambie jambo dogo. Kwetu Wanyakyusa, kwa mila, mkazamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Mjini wengi wamelegeza, ila mzee wangu alikuwa wa zamani. Choo kilikuwa kimoja, cha uani, na njia yake ilipita mbele ya kiti chake. Sasa Juni na Julai, na baridi ya Mbeya, mzee anatoka saa moja asubuhi kuota jua na haondoki mpaka saa nne. Mke wangu anasimama nyuma ya migomba, khanga mbili na sweta juu yake, ndoo ya maji ya moto inatoa mvuke, anasubiri. Mzee akihisi kuna mtu anakohoa, anaanza kugeuza kiti aangalie ukuta. Lakini mtu wa miaka sabini na kitu hageuzi kiti mara moja. Mpaka akamilishe, mvuke umekata na kengele ya shule imelia. Nikachimba choo kingine, laki 6 na nusu, nje ya Agano la Kale. Walipendana sana hao wawili, kwa taarifa yako. Alipougua, uji aliokuwa anaupokea bila kugoma ni wa mke wangu, ukipitia mkononi kwangu.

Mzee akafariki Februari 2017. Mama alishatangulia. Kikao cha ukoo kikamchagua kaka mkubwa awe msimamizi wa mirathi, mahakama ya mwanzo ikamthibitisha, na kwenye orodha ya mali za marehemu ikaandikwa: kiwanja kimoja Uyole pamoja na nyumba zilizomo. Zilizomo, mkuu. Nilikuwa nimelala ndani ya mirathi. Na mteja alikwishapatikana, alitaka kiwanja chote kwa sababu kiko karibu na barabara ya kwenda Tukuyu, avunje ajenge fremu za maduka.

Nikaenda kwa wakili. Hata sijafika katikati ya hadithi akauliza, "Karatasi iko wapi?" Akanieleza kwamba kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, makubaliano ya kuhamishiana ardhi ukiyapeleka mahakamani yanatakiwa yawe ya maandishi, yamesainiwa. Nikamkumbushia Sheria ya Ndoa ya 1971, si inasema nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzako? Akasema ndiyo, inamzuia mume au mke kuuza kilicho chake. Hapa anayeuza si mume wala mke, ni msimamizi wa mirathi. Shahidi je? Nikamtaja baba mdogo. Wakili akafunga kalamu.

Nikamleta hivyo hivyo kwenye kikao. Nikamuuliza mbele ya watu: si ulikuwepo baba alipopima? Alikuwa na sahani ya wali mkononi. Akasema, "Nakumbuka mlikuwa mnatembeatembea kwenye migomba." Halafu akaomba chumvi. Kaka simlaumu sana, alifuata karatasi, na karatasi zilikuwa upande wake. Lakini yule mzee wa chumvi! Nasikia siku hizi ana presha, daktari kamkataza. Sisemi kitu.

Kikao kikaniruhusu kuchukua "kinachong'oka". Desemba 2017 nikapanda juu mwenyewe kung'oa bati 38, mke wangu yuko chini anazipokea moja moja na kuzipanga. Hakusema neno siku nzima. Angetukana ningepumua. Bati hizo ndizo ziko juu ya nyumba yetu ya sasa, na kila mvua tunagundua tundu jingine la msumari tulilosahau kuziba, ndiyo maana seti za glasi zimepata kazi.

Na deni halikung'oka. Miezi 14 zaidi alikatwa kwa ajili ya nyumba ambayo imeshakuwa fremu ya kuuza simu. Kila mshahara ukitoka aliweka slipu mezani pembeni ya chai yangu, akaenda kazini.

Piga hesabu: milioni 10 na ushee, gawa kwa miezi 29 tuliyokaa pale. Ni karibu laki 3 na nusu kwa mwezi, bila sebule. Wewe unalalamikia laki moja ya Kihesa!

Kwa hiyo karatasi kwanza. Mzee aandike akiwa hai na akili yake, kwamba anakupa wewe na mkeo, majina yote mawili, mipaka kwa mita na si kwa hatua. Mama asaini, maana huenda naye ana haki humo. Kaka na dada zako wote wasaini, hasa yule anayesema "mimi sina neno". Mwenyekiti wa mtaa awepo, na wakili. Kama kiwanja kina hati, nendeni ofisi ya ardhi ya halmashauri mkigawe rasmi. Mzee akiuliza kama humwamini, mwambie unamwamini yeye na unataka neno lake liheshimiwe. Akikataa, msalimie, kula ugali wake, rudi Kihesa ukalipe kodi.

"Baba yangu si mtu wa hivyo," umeandika. Wangu pia hakuwa.

Sofa: nunua blanketi zito, Iringa hapo. Hela ya ndani kwetu anashika mke wangu, nadhani unaelewa kwa nini. Shemeji... kuna kitu nilitaka kusema kuhusu shemeji kimenitoka.

Kama fundi umeshampa kianzio, usimdai, mwambie asubiri tu. Karatasi ikishasainiwa funika majina uiweke hapa. Nataka kuhesabu saini za ndugu zako.