Shangazi, nimwambie tarehe imechukuliwa?

Shangazi, shikamoo. Ninaishi Denver, Colorado, napiga picha za harusi. Wiki iliyopita kijana mmoja ameniuliza bei. Anaoana na mwanaume mwenzake Septemba. Mimi ni mlokole, imani yangu hainiruhusu. Siku hiyo sina kazi, ila nafikiria kumwambia nimeshachukuliwa. Nikikataa, nitashtakiwa?
Mpiga picha, Denver

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, usimdanganye.

Mwaka 2006 huko New Mexico, mwanamke mmoja aliiandikia kampuni ya Elane Photography kuhusu sherehe yake na mwanamke mwenzake, akakataliwa. Baadaye mchumba wake akaandika bila kutaja anaoana na nani. Huyo akatumiwa bei na kukaribishwa. Shauri la ubaguzi likafika hadi mahakama ya juu kabisa ya jimbo, na mwaka 2013 wapiga picha wakashindwa. Unaona uongo wako utakavyofichuka? Barua pepe moja tu kutoka kwa rafiki yake inatosha.

Tangu hapo sheria imesogea. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 6 dhidi ya 3, ilimpa ushindi mbunifu wa tovuti wa hukohuko Colorado: serikali haiwezi kumlazimisha kubuni kazi yenye ujumbe asiouamini. Ila shika hili: mbunifu yule alikuwa tayari kuwahudumia wapenzi wa jinsia moja kwa kazi nyingine. Alichokataa ni ujumbe wa kusherehekea ndoa yao. Kama picha zako nazo zinahesabiwa hivyo, akuambie wakili wa jimboni kwako, na umwone kabla hujajibu.

Sasa tuongee mimi na wewe. Harusi ya Kihindu umewahi kupiga? Ya mwanaume aliyemwacha mke wa ujana wake, je? Kama hizo ulizipiga na usiku ukalala vizuri, jiulize ukiwa umepiga magoti: kinachokuzuia ni imani, au ni macho ya washirika wenzako? Sikuulizi ili nikushinde. Dhamiri ya kweli naiheshimu, na sitaki uisaliti kwa ajili ya hela.

Ukiona huwezi, mwambie kwa upole kwamba kazi hii huwezi kuifanya, umshukuru kwa kukufikiria. Usimhubirie, hakukuomba mahubiri, aliuliza bei. Wiki nzima umemnyamazia, na wapiga picha wazuri wa Septemba wanazidi kuchukuliwa. Mtafute wakili kesho asubuhi.