Ukisoma saikolojia ya jamii, masikio yaweke barazani

Wadogo zangu mnaoanza chuo kikuu na mmepangiwa ile kozi ya namna watu wanavyowatazama na kuwahukumu wenzao, nakuombeni msiisome kwa kukariri. Wengi wanafungua slaidi usiku wa kuamkia mtihani, wanameza maana za maneno, mtihani ukipita hakuna kilichobaki, na mie inaniuma khasa maana mambo ya kozi hii yako mbele yetu kuanzia ukumbini mpaka kwenye gari ya kwenda Tunguu.

Anza na jaribio lenyewe, maana ya neno itafuata. Chukua la mwanasaikolojia Solomon Asch la 1946. Watu walisomewa sifa za mtu wasiyemjua: ana akili, hodari, mchapakazi, ana bashasha, ana msimamo na kadhalika. Kundi jengine likasomewa sifa zile zile ila pale pa bashasha wakaambiwa hana bashasha. Sasa hapo funika matokeo kwa karatasi, bashiri mwenyewe, andika, halafu ndo ufunue. Kundi la kwanza asilimia 91 walimuona mtu huyo mkarimu, la pili asilimia 8 tu. Kwa neno moja! Na alipobadilisha sifa nyengine, akaweka adabu mahala pa bashasha, na kwa wengine usema-wazi usiojali, tofauti ikawa ndogo zaidi. Kwahiyo si kila sifa ina uzito sawa, na ukishabashiri kwa mkono wako hulisahau tena.

Kisha kaa barazani usikilize. Kwetu mtu anapimwa kwa salamu. Kijana anapita kimya, hata shingo hageuzi, hajafika kona keshaambiwa "huyo tangu apate kazi mjini anajiona", na mwengine anaongeza "ndo walivyo ukoo mzima", kumbe mama yake kalazwa na akili yake iko wodini. Tumemwangalia yeye tu, hali aliyonayo hatukuiuliza. Lee Ross aliliandikia kosa hili 1977 akalipa jina, kosa la msingi la atribusheni (atribusheni ni kueleza sababu ya kitendo cha mtu), lakini Jones na Harris walishalionesha 1967: wanafunzi walisomeshwa insha za kumuunga mkono au kumpinga Castro, kiongozi wa Cuba, na hata walipoambiwa mwandishi alipangiwa upande wa kuandika, bado walidhani alichoandika ndo imani yake. Yaani sababu unaijua na bado unamhukumu mtu.

Weka daftari dogo. Andika kilichoonekana, hukumu iliyotolewa, halafu sababu nyengine inayoweza kuwepo. Majina ya watu usiandike kabisa, na tafadhali usiwageukie wazee kuwaambia wanakosea atribusheni, utapoteza heshima na hakuna utakachojifunza tena hapo. Siku ya mechi ya Simba na Yanga ndo usikose, kaa katikati ya pande mbili uhesabu faulo wanazolalamikia, halafu usome Hastorf na Cantril wa 1954, waliowaonesha wanafunzi wa Princeton na Dartmouth filamu ya mechi ile ile moja baina ya vyuo vyao hivyo viwili, na wa Princeton wakaziona rafu za Dartmouth kiasi mara mbili ya zile walizoziona Dartmouth wenyewe.

Takwimu nazo msizikimbie, jifunzeni mapema, basi.

Jengine ambalo walimu wengi wanalipitia haraka na mie naona ndo muhimu kuliko yote kwetu: tafiti hizi nyingi zimefanywa kwa wanafunzi wa Marekani. Joan Miller 1984 alilinganisha watu wa Chicago na Wahindu wa Mysore, India, akakuta watoto wadogo wa pande zote wanaeleza vitendo vya watu karibu sawa, ila kadri wanavyokua Wamarekani wanazidi kutaja tabia ya mtu na wale wa Mysore wanazidi kutaja mazingira. Sasa mzee wa Wete, Pemba, ataangukia wapi? Na mtu wa mjini akisikia lafudhi ya Micheweni anaamua nini kabla mwenyewe hajamaliza sentensi? Kama unatafuta mada ya tasnifu anzia hapo, andika visa vifupi vya salamu isiyojibiwa kwa Kiswahili chetu hiki, uvijaribu kwa watu wachache kwanza uone kama wanavielewa, ndo uende kwa msimamizi wako kuomba kibali, na uende mapema maana kibali kinachukua muda.