Swali la lugha: maua mezani ni "maisha tulivu"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natafsiri maelezo ya picha za wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19, zile za maua kwenye chombo. Kiingereza wanaziita "still life", nikaandika "maisha tulivu". Mwenzangu anasema Wafaransa wenyewe wanaita "nature morte", kwa hiyo iwe "asili mfu". Nani yuko sahihi? Na je, ni kuchora au kupaka rangi?

JIBU: Marahaba. Wote mmekosa, ila wewe umekosa kwa adabu kidogo.

Maisha tulivu kwa Mswahili ni mzee kastaafu, ana kuku wake na kibaraza chake, hadaiwi na mtu. Ukiweka maneno hayo chini ya picha ya waridi msomaji atamtafuta huyo mzee yuko pembe gani. Asili mfu ndo balaa kabisa, mfu ni maiti, na asili watu watafikiria dawa za asili. Waholanzi walisema "stilleven", Waingereza wakaifuata hiyohiyo neno kwa neno, Wafaransa wakaja na ya kwao, sa sisi nani katulazimisha kuokota ya mtu?

Mi naandika "picha ya vitu vilivyopangwa", maana ndo kinachofanyika, mtu anapanga matunda, kisu, chupa, kitambaa, afu anachora. Zikiwa za maua tupu, "picha ya maua" inatosha, hamna haja ya kujikamua.

Kuna wanaopendekeza "vitu vilivyotulia", nalo silipendi, kwa sababu maua hayatulii hata kidogo. Mchoraji Van Gogh kule Arles, Ufaransa, Agosti 1888, alikuwa anaanza kuchora alizeti zake jua linapochomoza kwa vile zinanyauka haraka, ilibidi amalize kwa mkupuo mmoja. (Najua atatokea mtu aseme Van Gogh si impreshonisti kamili, yaani si wa lile kundi la wachoraji wa Ufaransa la kina Monet. Haya, Monet alichora alizeti zake 1881, kwenye chombo cha Kijapani, na mchoraji mwenzao Gauguin aliyeziona alimwambia Van Gogh ni nzuri sana ila zako nazipenda zaidi.)

Au mtazame Manet, mchoraji Mfaransa. Miezi yake ya mwisho alikuwa mgonjwa, marafiki wanamletea maua, naye anayachora kwenye picha ndogondogo moja baada ya nyingine mpaka karibu na kufa kwake Aprili 1883. Chombo ni cha kristali, na ukisogea karibu unaona vikonyo ndani ya maji, michirizi michache tu ya brashi, kijani na nyeupe, na bado unaamini yale ni maji kweli. Maua yameshakatwa lakini yanakunywa maji bado. Utayaita mfu?

Kuhusu kuchora: kupaka rangi ni kwa ukuta, geti na kucha. Picha inachorwa, iwe kwa penseli au kwa brashi. Wapo wanaobisha kwamba kuchora ni mistari tu, basi nawauliza Edward Tingatinga pale Dar miaka ya 1960 mwishoni alikuwa nani, maana rangi zake zilikuwa hizihizi za nyumba na baiskeli lakini hakuna aliyewahi kumwita mpaka rangi, ni mchoraji. Ukitaka kutofautisha sema "amechora kwa rangi za mafuta". Kitambaa cha kuchorea ni turubai, usiogope kwamba watu watawaza lori.

Shada nalo angalia, kwetu shada la maua mara nyingi linapelekwa kaburini, kwa hiyo kama maua yako kwenye chombo sema hivyo tu.

Kwa hiyo hiyo ya Manet andika: "Maua kwenye chombo cha kristali, rangi za mafuta kwenye turubai". Na ile uliyonitumia mwishoni, uliyoandika "vazi la maua" ukimaanisha chombo ("vase" ya Kiingereza), rekebisha kabla haijachapwa, vazi ni nguo, hapo umemwahidi msomaji gauni.