Ushauri nasaha umasaini: VVU na fimbo ya mume

Mkuu, umeuliza kwa nini akina mama wa Kimaasai wanapokea majibu ya VVU kimya, na ukigusia kipigo wanainamisha kichwa. Mara nyingi hawakuogopi wewe, wanamwogopa mkalimani. Shemeji, mtoto au jirani wa boma moja asitafsiri kamwe. Tafuta mwanamke anayejua Kimaa kutoka kata nyingine. Aliyemsindikiza abaki nje. Sema tu unampima uzito.

Neno "kupigwa" nalo linakwamisha. Fimbo ya mume wengi huiita kufundishwa, hivyo ukiuliza "anakupiga?" utajibiwa hapana. Taja tendo: kofi, fimbo, kukabwa koo, kufukuzwa usiku, kulazimishwa kulala naye. Uliza hivyo kabla hujaanza kuorodhesha wenza wake wa kupimwa VVU. Akikubali hata moja, usimshinikize amweleze mume wala amlete kliniki. Hapa ndipo wengi wetu tunaharibu: tunakimbizana na malengo ya mwezi, mama anarudi bomani na karatasi ya mwito, jioni anapigwa.

Kisha pima hatari. Je, kipigo kimeongezeka ndani ya miezi 6 hii? Mume ametumia au kutishia kwa silaha? Amewahi kumkaba? Alimpiga akiwa mjamzito? Ana wivu mkali usiokoma? Mama mwenyewe anaamini mume anaweza kumuua? "Ndiyo" 3 au zaidi, asirudi nyumbani kabla ya kupanga atalala wapi. Usidhani kwao ndiko salama. Baba akiwaza ng'ombe wa mahari waliokwisha kuliwa, anaweza kumrudisha. Uliza: boma gani litampokea hata usiku mmoja?

Laigwanani, kiongozi wa jadi wa Kimaasai, humaliza mengi ya ndoa, lakini mwendee tu ikiwa mama anataka, na habari ya VVU isitajwe. Majeraha yaandikwe kwenye faili siku hiyohiyo, kwani akiamua kwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, daktari atajaza PF3, fomu ya polisi ya majeraha, kwa kutazama hayo.

Dawa. Kichupa cha TLD, kidonge cha VVU, kinalia kama kayamba ukikitikisa, na nyumba ya udongo haina siri. Jaza pamba juu ya vidonge, usivihamishie kwenye karatasi maana unyevu unaviharibu. Kidonge ni 1 kwa siku: ameze asubuhi akienda kukamua, hahitaji kutazama saa. Akishatulia kwenye dawa, mpe za miezi 3 au 6, safari za kliniki zipungue na maswali ya mume yapungue nazo.