Sato kuhema juu alfajiri, usimwage maji yote

Mkuu umeuliza kwanini sato wako alfajiri wanapanda juu wanahema midomo wazi, alafu ikifika saa nne wako poa, na kuna mtu kakwambia umwage maji yote ujaze mapya. Usifanye hivyo aisee. Hao wanakosa hewa.

Mi niko Moshi, bwawa langu la uani ni mita 4 kwa 6, kina mita moja, nimetandika turubai. Mwanzoni nilikua nafurahia maji ya kijani maana ule ukijani ni vimea vidogo sana ambavyo ni chakula cha samaki, ni kweli kabisa, ila mchana unatoa oksijeni usiku nao unaivuta, kwahiyo kabla jua halijachomoza ndo hewa kwenye maji inakua kidogo kuliko muda wote. Sasa ikaja Julai, unaijua Julai ya huku, wingu linashuka toka mlimani siku nne hamjaona jua, maji yakapoa, samaki wakapunguza kula na mimi naendelea kumwaga pumba na dagaa asubuhi na jioni kama kawaida. Chakula kikaozea chini, na kikioza nacho kinakula hewa. Siku ya tano nikakuta wanaelea, tena wakubwa ndo walitangulia, niliumia sana kwakweli, walikua wamebakiza mwezi tu niwavue.

Tangu hapo nachunga chakula kuliko kitu chochote. Narusha upande mmoja, dakika 10 zikipita bado kinaelea ujue nimezidisha, kesho napunguza. Siku za wingu na baridi siwapi kabisa, hawafi njaa kwa siku mbili. Na samadi ya kukoleza ukijani acha kwanza.

Ukijani naupima kwa mkono, nauzamisha, kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko basi yamezidi. Hapo navuta ya chini kwa mpira, robo ya bwawa tu, alafu narudishia mapya yakidondoka toka juu yaingie na hewa. Ya bomba nayaacha kwenye pipa wazi siku mbili klorini iishe. Ya mfongo, yani mfereji wa kumwagilia mashamba, mvua ikinyesha siyagusi, yanakuja na tope na dawa za mashambani.

Kesho wakipanda, chota na ndoo umwage humohumo toka juu, rudia rudia mpaka jua litoke. Ila wakibaki juu mpaka mchana wa jua kali hilo ni jingine, niambie umeweka samaki wangapi humo, mi bila pampu ya hewa sizidishi watatu kwa mita ya mraba.