Saa Moja ya Jasho: Kipindi cha Michezo Hakimtoshi Mtoto wa Shule

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa angalau dakika 60 za mazoezi kila siku, ya wastani hadi makali. Siku zisizopungua 3 kwa wiki ziwe na mazoezi makali, pamoja na yale ya kukaza misuli na mifupa. Wazazi wengi hujibu: "Si wana kipindi cha michezo?" Hesabu inakosewa hapo. Chukua kipindi cha dakika 40, toa muda wa kubadili nguo, kupanga mistari, kusikiliza maelekezo na kungoja zamu ya mpira mmoja. Dakika ambazo mtoto mwenyewe amekimbia ni chache mno, na huenda kipindi chenyewe ni kimoja au viwili kwa wiki.

Saa hiyo si lazima ifululize. Kutembea haraka dakika 15 kwenda shule na 15 kurudi tayari ni nusu yake. Kukimbizana wakati wa mapumziko kunaongeza. Kasi ipime kwa pumzi. Akiweza kuongea lakini hawezi kuimba, hayo ni mazoezi ya wastani. Akitamka maneno machache kisha lazima aheme, ni makali. Akitembea huku anaimba wimbo mzima, mwombe aongeze mwendo.

Mifupa ndiyo inayosahaulika zaidi. Takriban robo ya madini ya mifupa ya mtu mzima hujengeka katika miaka miwili hivi ya kubalehe, pale mtoto anaporefuka kwa kasi. Mfupa huimarika unapopata kishindo: kuruka, kutua, kugeuka ghafla. Kuogelea na kuendesha baiskeli hufaa sana moyo na mapafu, ila havina kishindo hicho, kwa hiyo mtoto wa bwawani naye aruke.

Kamba ndiyo njia rahisi kuliko zote. Mtoto akanyage katikati yake kwa mguu mmoja, avute ncha mbili juu. Zikifika kwapani, urefu unatosha. Viwiko vikae karibu na mbavu, kamba izungushwe kwa vifundo vya mikono. Aruke sentimita 2 au 3 tu, atue kwa sehemu ya mbele ya wayo, magoti yakiwa yamelegea. Aanze na sekunde 20 za kuruka na 40 za kupumzika, mara 10. Wanaoanza huruka juu mno kwa kuogopa kujikwaa, halafu hutua kwa visigino magoti yakiwa yamenyooka. Sikiliza tu, mguu unaotua vibaya hutoa sauti kubwa. Akichoka mtindo ukaharibika, asimame.

Maumivu chini kidogo ya kifuniko cha goti ni ya kawaida kwa wanamichezo wanaorefuka haraka. Kano la msuli wa paja huvuta sehemu ya juu ya mfupa wa ugoko ambayo bado haijakomaa. Usimwambie avumilie. Punguza kukimbia na kuruka mpaka yatulie, na akichechemea au goti likivimba, aonwe na daktari. Njia nzuri ya kuzuia ni saa za mazoezi ya timu kwa wiki zisizidi umri wake: wa miaka 10, saa 10, na siku moja au mbili za kupumzika kabisa kutoka kwenye mchezo huo.

Mwenye pumu asiwekwe benchi. Apashe mwili joto taratibu kwa dakika 10, dawa yake ya kuvuta iwe karibu, na aitumie kama alivyoelekezwa na daktari.

Kukimbizwa kuzunguka uwanja kama adhabu ni kosa kubwa, kwani mtoto hujifunza kuchukia kukimbia. Kumnyima mapumziko kwa sababu ya kelele darasani ni vilevile: aliyeshindwa kutulia ndiye anayehitaji zaidi kutoka nje.

Wasichana nao huanza kujitenga wakibalehe, na mara nyingi huitwa wavivu. Kabla ya kusema hivyo, uliza kama ana sidiria ya michezo inayombana vizuri, bukta isiyomwaibisha, na mahali pa faragha pa kubadilishia nguo na pedi. Vikipatikana hivyo, wengi hurudi uwanjani bila kubembelezwa.