Stelingi Asiyelala

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kwamba hatimaye umeitazama Taxi Driver, filamu ya Martin Scorsese ya mwaka 1976 ambayo nimekusumbua nayo muda mrefu. Unaniuliza kama Travis Bickle, yule dereva wa teksi wa New York anayeigizwa na Robert De Niro, ni shujaa au mhalifu. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video hatukuwa na swali la namna hiyo: stelingi alikuwa stelingi, adui alikuwa adui, na stelingi hafi.

Huyu naye hakufa, ingawa alitaka kufa. Baada ya kuwaua wanaume watatu kwenye danguro alimokuwa Iris, mtoto wa miaka 12 na nusu aliyekuwa akiuzwa humo, alijielekezea bastola shingoni akakuta risasi zimekwisha, na magazeti yakamwita shujaa. Lakini kumbuka alikotoka mchana wa siku ile ile. Alikuwa amenyoa nywele pande zote mbili, ameficha silaha ndani ya koti, amekwenda kumuua Seneta Palantine, mgombea urais, kwenye mkutano wa kampeni. Walinzi walipomshtukia, akakimbia. Wangechelewa kidogo, magazeti hayo hayo yangemwandika muuaji, kwa bastola zile zile na hasira ile ile. Utaniambia kwamba kabla ya hapo alikaa na Iris mezani akamshauri arudi kwao, tena akamwachia fedha za nauli. Ni kweli, na hilo ndilo jema lake. Damu haikuwa na sababu ya kufuata.

Adui pia simwiti, kwa maana hakutafuta mali wala cheo. Alikuwa mwanajeshi wa zamani aliyekosa usingizi, na siku alipojaribu kumweleza dereva mwenzake mawazo mabaya yanayomjia kichwani, alijibiwa maneno matupu.

Kinachonikaba mimi ni ile barua iliyobandikwa ukutani, ambayo baba yake Iris aliiandika kutoka Pittsburgh kumshukuru Travis kwa kuwarudishia binti yao. Simcheki mzee yule, kwa sababu ningekuwa yeye pengine ningeandika vivyo hivyo, na kwa mwandiko mbaya zaidi. Ila Iris mwenyewe, aliyekuwa akipiga mayowe na kumsihi Travis aache, hatusikii neno lake hata moja kuhusu shukrani hizo.

Sasa itazame tena dakika ya mwisho, pale Travis anapomshusha abiria wake, anaondoka kwa utulivu, kisha ghafla anaona kitu kwenye kioo na kukigeuza kwa haraka. Magazeti yameshamsafisha, lakini mimi nisingekubali mdogo wako apande teksi ile.

Ni mimi baba yako.